Mkono Uliofungwa Kushoto

Mudathiri alikuwa mkwezi, na Kilwa Masoko walimjua kwa minazi mirefu ambayo wenzake waliikataa. Miaka saba iliyopita alianguka, tena kutoka kwenye mnazi mfupi. Tangu siku hiyo miguu haimsikii, na mikono imebaki jina tu: wa kulia una vidole viwili vinavyotii, wa kushoto una dole gumba. Mkewe, Ziada, ndiye anayemwogesha, anayemvisha na anayemlisha.

Kuogeshwa na kuvishwa ni kazi za alfajiri, zinakwisha mapema. Tatizo ni chakula cha mchana. Bamvua ikifika, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, bahari hukauka kuanzia saa nne, na wanawake wa mtaa ule hushuka mwambani kuchokoa pweza mpaka saa nane. Ziada alikuwa hodari wao. Sasa ni mwaka wa saba anawasikia wakipita dirishani wakicheka, naye yuko jikoni. Hajawahi kulalamika. Afadhali angelalamika, Mudathiri huwaza.

Basi mwaka huu wakaja wageni wawili: Restuta, mtaalamu wa viungo, mzaliwa wa Rondo, na Anthony, fundi kutoka Dar es Salaam. Walileta kiti cha umeme chenye mkono wa roboti ubavuni, mweusi, wenye viwiko viwili na vidole vitatu vya mpira. Mkono ulikuwa kwenye majaribio. Masharti yakaelezwa mbele ya mke na mume: wiki tatu za mazoezi, kisha kazi tano za kupimwa. Akifaulu zote, mkono unabaki kwake mwaka mzima. Akishindwa hata moja, unapelekwa kwa mtu mwingine huko Lindi.

Kufungua mlango, Mudathiri alifaulu. Kuokota kitambaa sakafuni, kuwasha taa, kupokea simu, kote alifaulu. Kumfukuza kuku aliyepanda jamvini hakukuwa kwenye orodha, lakini nako alifaulu, na Ziada alicheka mpaka akakaa chini.

Ikabaki kula.

Siku ya kwanza alipowekewa wali alisema, "Nimeshiba." Siku ya pili, ameshiba. Siku ya tatu tumbo likawa linamuuma. Anthony akafungua mota, akaipaka grisi bure, akaandika kwenye fomu: *mtumiaji hana hamu ya chakula*. Wageni walipotoka tu, mtumiaji akalishwa na mkewe sahani mbili.

"Baba Maftaha," Ziada akasema, "hawa watu watachukua mkono wao. Una nini?"

"Uko kushoto."

"Nini kiko kushoto?"

"Mkono! Wameufunga kushoto. Unataka nile kwa kushoto?"

Ziada akaitua sahani. "Ile ni mashine. Tena wewe una udhuru, Mungu amekusamehe siku nyingi."

"Yeye amesamehe, mdomo wangu ndio unaokataa. Wewe miaka saba unanilisha, umewahi hata siku moja kunilisha kwa kushoto?"

Hajawahi. "Sasa mbona hukuwaambia?"

"Watu wametoka mbali na kitu chao, nianze kuwaambia wamekifunga vibaya? Si adabu."

"Basi adabu yako itanikalisha jikoni mwaka mwingine."

Alilisema taratibu, huku akikusanya vyombo. Lilikuwa neno la kwanza la namna ile tangu aanguke. Mudathiri alilitafakari mpaka wageni waliporudi kesho yake.

"Shikamoo, baba," Restuta akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, nina neno."

Akaeleza. Restuta akajishika kichwa. "Jamani! Na mimi bibi yangu alikuwa ananichapa vidole kwa jambo hilohilo. Nimeutazama huu mkono wiki tatu, nikaona chuma tu."

Anthony akakuna shingo. "Mzee, tuliuweka kushoto kwa sababu kijiti cha kuongozea kiko kulia, kwenye vidole vyako vizima. Nikiuhamisha, utaongoza kwa dole gumba la kushoto. Na kipimo cha kula ni keshokutwa."

"Dole litaongoza, halitalisha. Hamisha."

"Utaanza upya kabisa."

"Minazi yote niliyopanda nilianzia chini, fundi. Leta spana."

Siku mbili zile kijiko kilitembea kila mahali. Kiliingia sikioni, kikapanda begani, kikamwaga wali mapajani. Ziada, aliyekatazwa kusaidia, aliikalia mikono yake.

Kipimo kilifanyika saa tano, siku ya bamvua. Vijiko kumi, sita vifike mdomoni. Vya kwanza viwili vilimwagika. Vitatu vikafika, kimoja kikaishia kidevuni, cha saba kikafika. Ziada alikuwa amesimama mlangoni. Nje wanawake walikuwa wakipita na ndoo zao.

"Ziada we! Bado umefungiwa humo ndani kama bibi harusi?" mmoja akapiga kelele.

Mudathiri akaachia kijiti. "Mama Maftaha, wenzako hao."

"Umalize kwanza."

"Ukinitazama dole linakosea. Nenda, mke wangu."

"Na ukishindwa?"

"Ukirudi utanilisha. Nenda."

Ziada akamtazama Restuta, Restuta akatazama fomu. Ziada akajifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo na fimbo yake ya chuma, akatoka.

Cha nane kilimwagika. Sasa vilibaki viwili, na vyote vilitakiwa. Cha tisa kikafika. Cha kumi kilipanda polepole, kikasita mbele ya sharubu, kikayumba. Mudathiri hakukifuata kwa shingo. Alilegeza dole, akangoja kitulie, kisha akakisogeza. Kikaingia.

"Sita," Restuta akasema. Anthony akaandika, akatia saini. "Umefaulu, baba. Wali huu uliobaki nikulishe mimi, upumzike?"

"Hapana, mwanangu," Mudathiri akasema, bado anatafuna. "Chukueni sahani, mle na nyinyi."

Wakala pamoja. Wageni walimaliza mapema, wakakunja fomu zao. Yeye aliendelea na wali uliopoa, kijiko baada ya kijiko, kingine mdomoni, kingine mapajani, mpaka ikaadhiniwa adhuhuri.