Karatasi Chini ya Nibu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi moja ya serikali mjini Jinja, nilipewa nibu mpya, ile ncha ya chuma ya kalamu, nikaichovya moja kwa moja kwenye wino. Wino ukakataa kushika. Karani Mkuu, Msoga mmoja mwenye nyumba Walukuba, akaninyang'anya.

"Wewe nakimbia wapi? Futa mafuta kwanza!"

Kumbe nibu mpya hupakwa mafuta isishike kutu. Alinifundisha pia kuchagua mpini, yaani kile kijiti cha kushikia. Unachomeka nibu, unaikandamiza juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikicheza hata kidogo, tafuta mpini mwingine. Basi. Jambo dogo namna hiyo, na watu wazima linawashinda!

Baadaye nilihamishiwa jela ndogo nje ya Mbale. Mkuu wa Jela alikuwa ameagiza mipini ya bati, minene, ya saizi moja, na nibu zetu zilikuwa nyembamba. Nikamwambia, "Afande, hii mpini nalegea."

"Bwana karani, askari anavaa kiatu kubwa na anatembea. Andika tu."

Ningebishana. Sikubishana. Nilifanya walivyofanya makarani wote pale, nikakunja kipande cha karatasi na kukikaza chini ya nibu. Kinashika vizuri asubuhi. Kufika adhuhuri kimelowa wino, kimelainika.

Ijumaa moja alasiri ikaja hati ya kumwachilia mfungwa mmoja, mwenyeji wa Namatala, mtaa wa Mbale. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri, na ndugu yake alikuwa langoni akimsubiri wakazike. Hakimu alikuwa ameshatia sahihi. Kilichobaki ni mimi kujaza, kwenye sehemu ya jela, jina na tarehe ya kutoka. Jina nikaliandika. Kwenye tarehe nibu ikachomoka, ikaanguka na wino wake wote.

Hati yenye doa kwenye tarehe ilikuwa haifai, na mahakama ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Nilimsihi Mkuu wa Jela. Akaitazama hati, akatikisa kichwa. Ndugu yule akaondoka peke yake, wakazika jioni ileile.

Jumatatu mfungwa alikuja mezani kwangu kutia sahihi ya kupokea nguo zake. Alikuwa ameambiwa kwamba makaratasi yalichelewa mahakamani. Akanirudishia kalamu kwa mikono miwili.

"Asante sana, afande. Wewe nasaidia mimi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa nimestaafu, nakaa Namakwekwe, hapahapa Mbale. Vijana wanaoandika kadi za harusi wananunua nibu za kizamani kwa sababu ni nzuri machoni, kisha wananiletea zikiwa zimekazwa kwa karatasi! Nafoka. Wanasema mzee ana hasira za bure, na pengine wamechoka nami. Ila hasira yenyewe si juu yao. Yule mfungwa yu hai, anauza mkaa Namatala, na kutoka kwangu ni mwendo mfupi wa boda. Sijaenda kumwambia.