Droo ya Chini

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, miaka ya hamsini, nyumbani kwetu Mji Mkongwe. Mama alikuwa mja mzito, na bibi yangu aliyenilea alikuwa amenituma nipange nguo katika almari ya chumbani kwa mama. Ilikuwa ya mti mzito, yenye droo tatu, na nyumba za mawe unazijua: mvua zikianza, kuta hutoa jasho na mbao huvimba.

Nilipanga kwa moyo wote. Kanga mpya za mama, zilizotiwa wanga na kupigwa pasi, nikazitandika droo ya chini, maana ndiyo iliyokuwa kubwa, nikazishindilia rangi kwa rangi. Kanga kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zikapauka, nikazifunga furushi nikazisukuma chini ya kitanda. Kisha nikamwita bibi aje aone.

Bibi alitazama akacheka. "Umefungua duka, Zuhura?" Akaniambia nifungue ile droo ya chini kwa mkono mmoja. Ikagoma. Nikavuta kwa mikono miwili, ikachomoka ghafla nikaanguka nayo.

"Sasa jaribu na mtoto mkononi," akasema.

Hakunigombeza zaidi. Alikaa mkekani akaitoa droo yote, akaipaka nta ya mshumaa kwenye kingo zake. Kisha akaziondoa kanga mpya, akaweka humo zile kuukuu: za kumpokelea mtoto upande wa kulia, za mzazi kushoto, na juu akaacha nafasi ya kupitisha kiganja. Kanga mpya hainywi maji, alinieleza, tena inakwaruza. Ngozi ya mtoto mchanga inataka kitambaa kilichokwishachoka. Mimi nilinuna. Droo mbili za juu aliniachia nipange nipendavyo, nami nikazijaza pomoni, kwa inda tu.

Siku chache baadaye bibi alikwenda hitimani Bububu. Adhuhuri mvua ikashuka, na mama akashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Baba alitoka mbio kumwita mkunga, Bi Mwanakheri, aliyekaa kichochoro cha pili. Alifika ameloa chapachapa, akavua buibui, akanawa, na haukupita muda mtoto akatoka. Alikuwa mdogo sana, amefifia, wala halii.

Bi Mwanakheri hakugeuka. Alininyooshea mkono tu. "Kanga, mwanangu. Laini, kavu. Hima."

Droo ya chini nilipoigusa ilikuja yenyewe. Sikutafuta. Kulia, nikampa. Akamfuta, akamsugua mgongo. Ya kwanza ikalowa, nikampa nyingine, na nyingine tena. Kisha tukasikia kikohozi kidogo, halafu kilio. Mama naye akaanza kulia.

Mkunga akataka nguo ya mzazi. Nikakimbilia droo ya pili, lilimokuwa gauni la mama. Nilivuta mpaka vidole vikauma.

"Iache hiyo, itatuulia mtu," akasema Bi Mwanakheri. "Lete ulichonacho." Nikachukua kanga za kushoto.

Bibi alirudi magharibi, viatu mkononi. Alimpakata mjukuu wake kwa muda mrefu, akaitazama ile droo iliyobaki wazi, kisha akanipa kipande cha mshumaa. "Zile mbili za juu," akasema, "kesho." Sikununa.

Mtoto yule ndiye mjomba wako Saidi, ambaye leo anamaliza sahani mbili za pilau bila kushurutishwa.

Sasa unaanza nyumba yako, mwanangu, na almari utakuwa nayo. Nguo za kila siku ziweke juu, zinapofikika. Za harusi zinaweza kukaa ndani zaidi, kwa sababu harusi hutangazwa mapema. Lakini droo moja iwe ya siku isiyotangazwa. Weka humo nguo kuukuu, safi na kavu, kila moja mahali pake, na usiijaze. Masika yakikaribia, ianike juani uipake nta. Ukikosea mara ya kwanza si neno, hata mimi nilianza hivyo. Pangua, upange tena.

Mungu akujaalie nyumba yenye kheri, na kila utakapoifungua droo hiyo, iwe ni kumpokea mgeni anayelia kwa nguvu zake zote. Amin.