Baba Mkwe Kando ya Uwanja

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile Jumamosi nilipotupa raketi chini katikati ya mchezo, pale Mbeya, nikakimbilia nyuma ya ua wa michongoma kama mwizi wa kuku. Walimu wa Iringa waliokuja kucheza nasi walidhani nimeshikwa na kifafa. Cheka tu, hata mimi nimewahi kuicheka. Ila ukimaliza kucheka, kaa nikueleze vizuri kabla hujaanza safari yako, maana siku hiyo iliniachia uchungu ambao haujanitoka mpaka leo.

Tenisi nilijifunzia shule ya wasichana ya misheni, upande wa Iringa, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Uwanja tuliutengeneza wenyewe. Tulibomoa vichuguu, tukaubeba ule udongo vichwani, tukaumwagia maji na kuushindilia mpaka ukawa mgumu, kisha tukachora mistari kwa chokaa. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kizungu, mkali wa sauti tu. Alitukataza kugusa mpira mpaka tujue kusimama. Hebu fikiria, kufundishwa kusimama! Siku aliponiruhusu, mimi niliyezoea jembe nilipiga kwa nguvu zangu zote, mpira ukaenda kuangukia kwenye mahindi.

"Hulimi hapa, Atuganile," akaniambia. "Upokee kwanza, ndipo uurudishe."

Rafiki yangu Felista, Mhehe wa Kilolo, alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheza naye kila jioni hadi tulipomaliza ualimu na kuagana.

Baadaye nikaolewa na Ambakisye, mwalimu mwenzangu, Mnyakyusa kama mimi, tukapangiwa kufundisha Mbeya. Shule ilikuwa na uwanja wa tenisi, na mume wangu hakuwa mtu wa kumfungia mke jikoni. Jioni tunasahihisha madaftari, tunatoka kucheza. Nikasema, Mungu anipe nini tena?

Sasa hapa nikufafanulie, maana ninyi wa siku hizi mnakumbatiana na wakwe zenu. Kwetu, wakati ule, mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, jina lake halitaji. Sitalitaja hata leo, kwa hiyo usinisubiri. Ukimwona anakuja njiani, unaingia porini, unachuchumaa, unajifunika kichwa mpaka apite. Baadhi ya Wakristo wenzetu walikuwa wameanza kulegeza. Walikwenda kwa wazee wa ukoo, wakala chakula pamoja, na kuanzia hapo mke akaruhusiwa kumsalimu mkwe wake. Nyumba yetu hakuna aliyethubutu kuanza.

Basi, baba mkwe nilimjua kwa kikohozi chake, koti refu jeusi na kofia ya kaki, ili niwahi kumkimbia. Sura yake sikuijua. Akija Mbeya kumwona mwanawe, alilala kwa ndugu yake mtaa wa pili, na maneno yetu yalipita kwa mama mkwe. Mimi nasema, "Mwambie baba ndizi zimefika." Mama anarudi, "Baba anasema ndaga." Ndaga ndiyo asante yetu. Tuliishi hivyo, na kwa kweli hatukugombana hata mara moja.

Jumamosi hiyo walimu wa Iringa walikuja kwa lori, nywele zao nyeupe kwa vumbi, na nani anateremka? Felista! Tulikumbatiana tukapiga kelele mpaka watu wakatuzomea. Wakatupanga tucheze sisi kwa sisi, mchezo wa mwisho. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Mbeya ya kuuma masikio, lakini mimi nilikuwa natoka jasho. Felista alikuwa amekuwa hodari, mwanangu, alinikimbiza! Hata hivyo nikamshika. Ikabaki pointi moja tu nishinde, na walimu wote wa Mbeya wamesimama.

Nikarusha mpira juu nianzishe. Nikasikia kikohozi.

Nyuma ya Felista, karibu kabisa na mstari, lilikuwa limesimama lile koti jeusi na kofia ya kaki. Na mimi nimevaa sketi nyeupe, magoti nje! Mpira ukanidondokea begani. Nikatupa raketi, nikakimbilia nyuma ya ua, nikachuchumaa na kujifunika sweta kichwani. Namsikia Felista anaita, "Atu! Atu, unaumwa?" Mwamuzi akaniita, akangoja, akaniita tena. Mwisho akampa Felista ushindi. Wanyakyusa waliokuwepo walielewa mara moja. Nilipotoka pale, nyasi zimenijaa kichwani, koti jeusi halikuwepo.

Nililia kwa hasira. Nikamwambia Ambakisye, "Baba yako amekuja kunikomesha. Hataki nicheze."

"Sijui, mke wangu," akasema. "Nitamuuliza."

Hakumuuliza. Alikuwa mwanamume mzima, mwalimu wa watu, lakini mbele ya baba yake alikuwa na woga wake. Kesho yake mzee akarudi kwao, milimani huko Tukuyu, na hakuja tena Mbeya. Salamu nazo zikakatika. Mama mkwe akija, napanga maneno yangu moyoni, nataka kumuuliza kama baba amenikasirikia, halafu nayameza. Raketi niliitundika ukutani nikaacha kucheza. Ambakisye alisema tukishavuna kahawa tutakwenda kwa wazee, watufungulie njia ya kusalimiana. Kahawa ikavunwa. Mtoto wetu akaugua. Mvua zikaharibu barabara. Kila mara palikuwa na sababu, tena sababu za kweli kabisa.

Ndipo tukaletewa habari kwamba mzee amefariki.

Tulipofika msibani nilikaa na wanawake nje. Mama mkwe akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko.

"Unajua kwa nini hakurudi Mbeya?"

"Alinikasirikia, mama."

"Akukasirikie wewe?" Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Alikuwa anakuja kukuona ukicheza! Kila safari. Anasimama kule mbali kwenye mikaratusi, akirudi ananisimulia mpaka chakula kinapoa. Eti mkamwana wangu anapiga hivi, anakimbia hivi. Ananiuliza kwa nini wakihesabu pointi, kumi na tano, thelathini, wanakwenda arobaini, nani aliwafundisha hesabu hiyo. Mimi nitajuaje? Halafu macho yakaanza kumpotea. Siku ile alikuwa haoni kitu kutoka kwenye miti. Akasogea, akasogea tena, hakujua amefika karibu namna ile. Alirudi hapa akasema, nimemwaibisha mtoto wa watu mbele ya wageni. Akaona haya hata kukutumia salamu."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Na wewe, mbona hukuniuliza? Desturi ilikukataza kumtazama. Ilikukataza kumuulizia hali? Ametoka duniani kipofu, anadhani unamchukia."

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi maishani, lakini kemeo lile sikuwa na pa kulikimbia. Mama akanivuta mpaka mlangoni pa chumba alicholazwa marehemu. Nikasita. Akasema, "Ingia. Leo mtazame." Wazee walituona, hakuna aliyetuzuia.

Nikamtazama. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, mdogo kuliko koti lile. Miaka yote nilikuwa najiuliza mwanangu wa kwanza ametoa wapi paji pana la uso, maana si langu wala la Ambakisye. Lilikuwa pale. Nikapiga magoti nikasema, "Shikamoo, baba." Ilikuwa salamu yangu ya kwanza kwake, na hakukuwa na wa kuniitikia marahaba.

Sikuambii uwadharau wakubwa zako, wala sisemi desturi zetu zilikuwa za kijinga. Yule mzee alinipenda ndani ya desturi hiyo hiyo, akasimama kwenye baridi kwa ajili yangu. Ninachokuambia ni hiki: ukiona mtu wako amenyamaza, usikae ukijitungia maana ya ukimya wake. Muulize. Kama huwezi kumuuliza mwenyewe, mtume mtu, na uulize sasa, usingoje mavuno. Na kama ni wewe unayempenda mtu kwa mbali, basi mwambie, maana yeye hawezi kuyaona yaliyo moyoni mwako.

Haya, njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu akulinde uendako. Akupe watu wa kukupenda, na akujalie uwasikie wakikuambia hivyo kwa midomo yao. Nenda salama, mwanangu. Ndaga.