Molekuli ya Pili ya Nasike

Je, wewe ungeiangusha kazi yako mwenyewe wakati tuzo iko karibu kufika mkononi? Usiharakishe kujibu. Namjua mmoja aliyefanya hivyo, na anakaa hapa mtaani Jericho, mlango wa tatu kutoka kwetu.

Ni Nasike Masinde, binti wa mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka huu wa 1996 alikuwa akimalizia shahada ya pili ya kemia. Kazi yake ilikuwa kuiga kwenye kompyuta jinsi kipande cha protini kinavyojikunja ndani ya maji. Kompyuta yenyewe ni kuukuu, haiwezi kufuatilia maelfu ya molekuli za maji. Basi Nasike aliyaondoa maji, mahali pake akaweka hesabu: jinsi maji yanavyopunguza mvuto kati ya chaji za umeme, na ukubwa wa kila atomu, ambao huamua maji yaisogelee kiasi gani.

"Mfereji umekauka wiki nzima," jirani yetu Muoki, mchonga vinyago, alipenda kumtania, "kumbe hata kompyuta yako haina maji!"

"Shida yako afadhali, Muoki. Wewe unaweza kwenda kugombana na kanjo pale baraza la jiji."

Mwanzoni kipande kilikataa kujikunja. Nasike akaiongezea haidrojeni ukubwa kidogo tu. Katika hesabu, maji yakakaa mbali, chaji zikang'ang'aniana, kipande kikajikunja sawasawa na vipimo vya maabara. Walimu wakamsifu. Kulikuwa na nafasi moja ya kusomea uzamifu ng'ambo, na kila mtu alijua ni yake. Usaili tu ndio uliobaki.

Alasiri ya kuamkia usaili nilimkuta ameketi kizingitini, Muoki kando yake akichonga twiga.

"Nimejaribu namba ileile ya ukubwa wa haidrojeni kwa molekuli nyingine," alisema. "Hii, kila maabara inajua haijikunji."

"Na?" nikauliza.

"Imejikunja. Namba yangu inakunja kila kitu! Niliitengeneza ifae molekuli moja, nikadhani nimeyaelewa maji."

Muoki akaweka patasi chini. "We dada, nani amekuuliza habari ya molekuli ya pili? Onyesha ile nzuri, panda ndege, utuletee saa za mkono."

"Na mtu akiitumia namba hiyo kutafuta dawa?"

"Si atakuwa amekosea yeye?"

"Nitakuwa nimemkosesha mimi."

Muoki alicheka, akatikisa kichwa, akarudi kwa twiga wake. Mimi sikucheka. Nchi hii imejaa wakubwa wanaorekebisha hesabu mpaka picha ipendeze, kisha wanapigiwa makofi. Nami nilikuwa nimeketi na msichana ambaye hakuna aliyemshuku, na bado alikuwa amejishuku mwenyewe.

Asubuhi yake nilimsindikiza hadi chuoni, nikaketi nyuma ya ukumbi. Aliweka picha mbili ubaoni, akaionyesha ile nzuri kwa kidole: "Hii msiiamini." Kisha akaeleza sababu. Kabla ya saa sita mwenyekiti wa jopo la usaili alitangaza kwamba nafasi imekwenda kwa mwanafunzi mwingine, Kyule.

Tulikuwa tumefika ngazini mmoja wa waliomhoji alipotoka mbio nyuma yetu, tai imepinda.

"Ule ukubwa wa haidrojeni," alisema akihema, "mimi pia nautumia. Naomba hiyo molekuli yako ya pili."

Nasike akafungua mkoba, akampa disketi.