Koti la Baba Watoto

Alhamisi nilikuwa kwenye mitumba sokoni Kibiti, natafuta shati. Kando yangu muuguzi mmoja wa Utete, aliyepata kazi Uingereza, alikuwa akichagua makoti pamoja na mumewe. Alishapata lake na mawili ya watoto, akamnyooshea mumewe koti kubwa la sufu.

"Hilo liache, mke wangu," mume akasema, mikono mfukoni. "Nimepiga hesabu. Pesa za nauli na viza zinatosha watu watatu. Mie nitafuata."

"Lini?"

Mume akatazama suruali zilizotundikwa. "Mungu akijaalia."

Mke akarudisha makoti ya watoto kwenye lundo, la mumewe akabaki nalo mkononi. "Basi natangulia peke yangu. Watoto wabaki nawe, nikishapata mishahara ya kutosha mje wote."

"Sasa langu la nini leo?"

"Watoto watakua. Wewe hukui tena."

Mume akacheka, akalivaa palepale juani, akafunga vifungo mpaka shingoni. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Sisi kina baba tukipanga bajeti ya familia, tunaanza kwa kujifuta wenyewe kwenye orodha. Tunachosahau ni kuiuliza familia.