Bingwa wa Kufuli na Nywila ya Sebuleni

Kwa miaka ishirini fundi kufuli huyu aliwacheka wateja wanaoficha ufunguo chini ya zulia la mlangoni. Wapumbavu wasio na dawa, alisema. Basi siku alipochoka kupanga video za familia kwenye kompyuta ya sebuleni, ile inayozirusha kwenye televisheni, bingwa wetu aliingia kwenye tovuti ambayo hata mmiliki wake hakumjua, akaipa nywila ya kompyuta hiyo.

"Inapanga yenyewe, tena bure," alimwambia mkewe, kifua mbele.

Ikapanga kweli. Video za harusi za binti zao watatu iliziona zinafanana, ikabakiza moja, nyingine ikazifuta.

Mkewe alimpandisha kwa macho, akamshusha, akasonya.

"Baba watoto, wale unaowacheka angalau ufunguo wao huuficha."