Silinda Nne za Mlima wa Nyakasimbi

Kwa nini pikapu iliposhindwa na mlima, walioshushwa walikuwa wanawake tu? Harufu ya petroli hunirudisha pale, juu ya magunia ya kahawa, nikimsindikiza mama yangu mjamzito hospitali.

Injini ilitetemeka, gari likasimama.

“Akina mama, shukeni,” dereva alisema. “Silinda nne hizi, si lori.”

“Shikamoo, baba. Kwani wanaume hawana uzito?” nilimuuliza.

Wanaume wakacheka. “Huyu atakosa mchumba.”

“Nikose. Mama hashuki.”

Nilimshika mama mkono, tukabaki tumekaa. Mwishowe wanaume walishuka wakinung'unika, gari likapanda.

Baadaye sana, chuoni, nilijifunza kwamba injini hutetemeka vile silinda moja isipochoma mafuta. Tulivutwa na silinda tatu. Plagi mpya ya kuwashia mafuta katika silinda ya nne ingetupandisha sote.